Betri "mfu" zatafuna mitaji Mbinga na mwambao wa Nyasa

Na Mwandishi Wetu

Gridi ya taifa ilipofika Songea mwaka 2018 kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako, ilikuwa rahisi kutabiri kwamba biashara ya betri wilayani Mbinga na katika wilaya jirani ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, ingefika ukingoni. Haikufika. Mtumbwi wa kuvua dagaa hauna nguzo ya TANESCO, wala kibanda cha kuchaji simu kilichoko kwenye kitongoji ambacho nyaya hazijafika. Mwenye nyumba ya wageni anayejikinga na katizo la umeme naye anahitaji betri, sawa na mwenye gari la watalii lenye kitanda na jokofu linaloteremka barabara ya lami ya kilometa 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay.

Wote hao wana tatizo moja. Betri inanunuliwa kwa fedha nyingi, inafanya kazi vizuri kwa miezi kadhaa, kisha taa zinaanza kufifia kabla ya usiku wa manane. Mwenye betri anatangaza kwamba imekufa, anaiuza kwa kilo kama chuma chakavu na kwenda dukani kununua nyingine. Mwaka unaofuata hadithi ni ile ile.

Kwa mtazamo wa biashara, hapo kuna makosa mawili. La kwanza ni kuizika betri kabla ya kuipima, kwani mara nyingi ugonjwa umo kwenye waya, kwenye paneli au kwenye maji yaliyopungua. La pili ni kununua betri mpya na kuiweka katika mazingira yale yale yaliyoua ile ya zamani. Makala hii inaeleza jinsi ya kutambua betri iliyo mbovu kweli, jinsi ya kuitunza ambayo bado ni nzima, na hesabu ambayo mfanyabiashara anapaswa kuifanya kabla ya kufungua pochi.

Chombo ni ghali kuliko kilichomo

Tuchukue mfano wa betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100. Bei tuiweke sh. 300,000, kwa ajili ya hesabu tu. Betri hiyo ikijaa inabeba takriban uniti 1.2 za umeme. Kwa kuwa si busara kuitumia zaidi ya nusu kila mara, mwenye betri anapata uniti 0.6 kwa usiku mmoja.

Akiitumia usiku 200 kwa mwaka, anapata uniti 120. Betri ikifa baada ya mwaka mmoja, kila uniti imemgharimu sh. 2,500 kwa betri peke yake, bila kuhesabu paneli wala gharama ya kuchaji. Betri hiyo hiyo ikitunzwa na kudumu miaka mitatu, gharama inashuka hadi sh. 833 kwa uniti. Uniti ya TANESCO kwa mteja wa kawaida haifiki sh. 400.

Hesabu hiyo inaonyesha kwamba kinachomgharimu mvuvi au mwenye kibanda si umeme. Umeme wa jua hauna ankara, na wa gridi ni wa bei nafuu kwa kulinganisha. Kilicho ghali ni chombo cha kuuhifadhia. Kwa hiyo bei ya dukani pekee si kipimo cha urahisi. Betri ya sh. 200,000 inayokufa katika miezi minane ni ghali kuliko ya sh. 300,000 inayodumu miaka mitatu.

Betri ya kuwashia na betri ya kutumia

Kosa la kwanza hufanyika dukani. Betri za gari za kawaida, zile zinazojulikana kwa majina kama N50, N70 na N100, zimetengenezwa kwa ajili ya kuwasha injini. Ndani yake mna mabamba membamba na mengi ya risasi, ili zitoe nguvu kubwa kwa sekunde chache na kisha zijazwe mara moja na jenereta ya gari. Betri ya aina hiyo ikifanyishwa kazi ya taa usiku kucha, na kumalizwa chaji siku baada ya siku, mabamba huchakaa upesi.

Betri ya kutumia kwa muda mrefu, ambayo madukani huitwa ya sola, ina mabamba manene zaidi. Haina nguvu kubwa ya ghafla, lakini inavumilia kushuka na kupanda kwa chaji mara nyingi zaidi.

Magari ya watalii yenye vitanda yana funzo zuri katika jambo hili. Mengi yao hubeba betri mbili. Moja ni ya injini na haiguswi na kitu kingine. Nyingine ni ya jokofu, taa na kuchaji simu. Katikati yake huwekwa swichi ya umeme, yaani relei, inayoziunganisha injini inapozunguka na kuzitenganisha inapozimwa. Jokofu likimaliza betri ya pili usiku ufukweni, gari bado linawaka asubuhi. Mwenye boti ya injini anayewashia taa na redio kwa betri moja tu angefanya vyema kuiga mpango huo, kwani kukwama ziwani wakati upepo wa kusi umeanza kuvuma si hasara ya fedha peke yake.

Kabla ya kutoa hukumu

Vifaa vya kupimia ni vichache: mita ya kidijitali ya kupima volti, haidromita ya kupima uzito wa asidi, na balbu ya taa kubwa ya gari yenye wati 55 au 60. Vyote kwa pamoja ni sehemu ndogo ya bei ya betri moja. Anayepima avae miwani na glovu, asivute sigara wala kuwasha kibiriti karibu, kwani betri inayochajiwa hutoa hewa ya haidrojeni inayolipuka kwa cheche ndogo.

Hatua ya kwanza ni macho. Kasha lililovimba au kupasuka linamaliza mjadala; betri hiyo haifai. Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri ni kutu, na kutu huzuia umeme kupita. Usafishwe kwa maji yaliyochanganywa na magadi soda, bila kuruhusu mchanganyiko huo kuingia kwenye matundu, kisha vichwa vikaushwe, vikazwe na kupakwa mafuta ya mgando. Baada ya hapo vifuniko vifunguliwe. Kama mabamba yanaonekana juu ya maji, betri ilikuwa inakufa kwa kiu.

Hatua ya pili ni volti. Betri ichajiwe hadi ijae, iachwe bila kuchajiwa wala kutumiwa kwa saa kadhaa, na vizuri zaidi usiku mzima, ndipo ipimwe. Kupima mara tu baada ya kuchaji hudanganya, kwani volti huwa juu kuliko hali halisi. Betri ya risasi iliyojaa na kupumzika husoma karibu 12.7. Ikisoma 12.4 ina robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo, na chini ya 11.9 haina kitu.

Betri iliyochajiwa kikamilifu na bado ikapumzikia kwenye volti 10.5 au 10.6 inasema jambo jingine. Ndani ya betri ya volti 12 mna seli sita, kila moja ikiwa na volti 2.1. Zikikosekana volti mbili nzima, seli moja imekufa, mara nyingi kwa sababu mashapo ya risasi yameanguka chini na kuunganisha mabamba. Ugonjwa huo hauna dawa, na fundi anayeahidi kuuponya kwa kuongeza asidi anauza matumaini.

Hatua ya tatu ni haidromita, kwa betri zenye vifuniko vinavyofunguka. Huvuta asidi kidogo kutoka kila seli na kuonyesha uzito wake. Seli iliyojaa husoma karibu 1.265 hadi 1.280, na iliyoisha karibu 1.120. Namba moja peke yake haitoshi. Cha muhimu ni tofauti kati ya seli na seli. Tano zikisoma 1.265 na moja 1.200, tofauti hiyo ya zaidi ya 0.050 inaonyesha seli yenye ugonjwa. Zote sita zikiwa chini kwa usawa, betri pengine haijafa. Ina njaa tu, nayo irudishwe kwenye chaja kwa muda wa kutosha kabla ya kupimwa tena.

Jaribio la mzigo

Volti nzuri bila mzigo si ushahidi kamili. Betri iliyochoka inaweza kusoma 12.6 asubuhi na kuanguka mara taa inapowashwa. Ndiyo sababu ya balbu ya gari, ambayo hula takriban ampea 5.

Iwashwe kwa dakika 10 huku mita ikiwa kwenye vichwa vya betri. Betri nzima ya ampea-saa 100 itashuka kidogo na kutulia juu ya volti 12. Ikianguka chini ya 12 ndani ya dakika chache, uwezo wake umepungua sana.

Anayetaka kujua umepungua kwa kiasi gani, aijaze betri, aiwashe balbu na kuandika saa. Uwezo unaoandikwa kwenye betri za aina hii kwa kawaida hupimwa kwa saa 20, kwa hiyo betri ya ampea-saa 100 inapaswa kutoa ampea 5 kwa saa 20 kabla ya kushuka hadi volti 10.5. Ikifika hapo baada ya saa 16, ina asilimia 80, kiwango ambacho wataalamu wengi hukihesabu kuwa mwisho wa maisha yake rasmi. Ikifika baada ya saa nane, imebaki na asilimia 40, na mwenye betri analipia nafasi kubwa kwa huduma ndogo. Jaribio hili linaiumiza betri, hivyo lifanywe mara chache na betri ichajiwe papo hapo linapokwisha.

Betri yenye asilimia 60 haifai tena kwa taa za usiku kucha ziwani. Hata hivyo, inaweza kutosha kwa redio na taa moja ya nyumbani. Mfanyabiashara mwenye betri kadhaa anaweza kuzipanga kwa madaraja, kama apangavyo kahawa, badala ya kuziuza zote kwa kilo.

Mshitakiwa wa kweli: paneli na waya

Kama betri imepita vipimo hivyo lakini taa bado zinazimika mapema, uchunguzi uhamie nje ya betri.

Tuchukue mtumbwi wenye taa tatu za LED za wati 20 kila moja. Jumla ni wati 60, sawa na ampea 5. Zikiwaka saa 10 zinakula ampea-saa 50, nusu ya betri yetu ya mfano. Ili kuirudisha nusu hiyo, pamoja na upotevu wa njiani, inahitajika karibu ampea-saa 60. Paneli ya wati 50 hutoa takriban ampea 3 jua likiwa kali, na kwa saa tano za jua zuri italeta ampea-saa 15 tu. Mvuvi akirudi ziwani jioni, betri haijafika popote. Baada ya siku tatu imekauka, na lawama inakwenda kwa aliyeiuza.

Kwa matumizi hayo inatakiwa paneli ya karibu wati 200, au kuchajia kwenye umeme wa gridi. Anayenunua betri kubwa na paneli ndogo ni kama mwenye pipa kubwa na bomba linalodondosha. Pipa halijai kamwe, hata likibadilishwa kila mwaka.

Waya nao una hesabu yake. Waya wa milimita za mraba 2.5, wenye urefu wa mita 10 kwenda na 10 kurudi, ukipitisha ampea 5 hupoteza karibu volti 0.7. Kwenye umeme wa volti 230 hasara hiyo haionekani, lakini kwenye volti 12 ni kubwa. Dawa ni kufupisha waya au kununua mnene zaidi. Ili kulithibitisha hilo, volti ipimwe kwenye vichwa vya betri na kwenye taa wakati taa inawaka. Tofauti kati ya vipimo hivyo ndiyo inayopotea njiani.

Inveta nayo ichunguzwe. Ikiachwa wazi bila kazi inaweza kula nusu ampea hadi ampea moja, sawa na ampea-saa 12 hadi 24 kwa siku. Aidha, nyingi huzima zenyewe volti zinapofika karibu 10.5, wakati betri imekwisha kabisa. Mwenye kuitegemea inveta imlinde betri amechelewa. Azime mwenyewe mita inapokaribia 12.

Mwezi, mvua na joto

Betri ya risasi ina adui mkubwa kuliko kazi: kukaa bila chaji. Umeme unapotoka, chumvi ya risasi hujengeka kwenye mabamba. Betri ikichajiwa mapema, chumvi hiyo huyeyuka na kurudi kwenye asidi. Ikiachwa siku nyingi, hugeuka fuwele ngumu zisizoyeyuka, na sehemu hiyo ya bamba haifanyi kazi tena. Dalili yake ni betri inayojaa kwa dakika chache kwenye chaja na kuisha kwa dakika chache kwenye taa.

Kwa mwambao wa Nyasa jambo hili lina kalenda yake. Usipa huvuliwa kwa taa siku za giza. Mbalamwezi inapotawala, taa hazina mvuto na mitumbwi hupumzika, katika mzunguko wa siku 29 na nusu. Betri iliyotumika usiku wa mwisho wa giza na kuwekwa kona ya nyumba bila kuchajiwa hadi giza linaporudi, imeumia zaidi katika mapumziko kuliko ilivyoumia kazini. Hali ni hiyo hiyo upepo wa kusi unapozuia watu kwenda ziwani katikati ya mwaka. Kanuni ni fupi: betri haiendi likizo kabla haijajazwa, na katika likizo ijazwe tena kila wiki tatu au nne.

Msimu wa mvua, ambao Ruvuma huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, mawingu hupunguza kazi ya paneli. Kipindi hicho ni busara kupunguza taa, au kuipeleka betri kuchajiwa kwa umeme wa gridi angalau mara moja kwa wiki ili ijae kweli kweli.

Joto nalo linatofautisha Mbinga mjini na Mbamba Bay. Mbinga iko kwenye milima ya kahawa, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na ina baridi. Ziwa liko chini ya mita 500, na ufukweni kuna joto. Kanuni ya jumla ya betri za risasi ni kwamba kila digrii 10 za Selsiasi juu ya 25 hupunguza maisha kwa takriban nusu. Kwa hiyo betri iliyodumu vizuri dukani Mbinga isitarajiwe kudumu vile vile chini ya bati Liuli. Iwekwe kivulini, mahali penye hewa, mbali na jiko.

Joto hubadili pia volti ya kuchajia. Chaja nyingi hulenga karibu 14.4 kwa betri za maji. Betri ikiwa na digrii 35, inatosha kulenga karibu 14.1, la sivyo maji hukauka upesi. Vidhibiti vizuri vya sola vina kipima joto na hufanya marekebisho hayo vyenyewe.

Maji ya kuongeza ni maji ya betri yaliyochujwa kwa mvuke peke yake. Maji ya ziwa au ya bomba yana madini yanayoharibu mabamba. Asidi haiongezwi, isipokuwa iliyomwagika, kwa sababu kinachokauka ni maji wakati asidi inabaki. Wauzaji wahakikishe wateja hawachanganyi chupa ya maji na chupa ya asidi. Maji yaongezwe baada ya kuchaji, isipokuwa mabamba yako wazi. Hapo yafunikwe kidogo kwanza.

Anayeunganisha betri mbili au zaidi azinunue za aina moja, ukubwa mmoja na siku moja. Betri nzee ikifungwa pamoja na mpya huishusha mpya hadi kiwango chake.

Je, lithiamu inalipa?

Betri za lithiamu za aina ya fosfeti ya chuma zimeanza kuzoeleka, na swali la wawekezaji wadogo ni kama zinastahili bei yake. Huvumilia kutumiwa asilimia 80 ya uwezo wake, hudumu mizunguko 2,000 na zaidi zikitunzwa, ni nyepesi kwa mtumbwi, na hazidhuriki zikikaa na nusu chaji. Kwa anayezitumia karibu kila usiku, hesabu ya gharama kwa uniti mara nyingi inazipa ushindi. Kwa nyumba ya wageni inayokatikiwa umeme mara chache kwa mwezi, betri ya risasi iliyotunzwa inaweza bado kuwa nafuu.

Hata hivyo, vipimo vyake ni tofauti. Volti ya lithiamu hubaki karibu 13 kwa sehemu kubwa ya matumizi, hivyo mita haionyeshi vizuri kilichobaki. Ikisoma sifuri ghafla, isitupwe. Ndani yake mna saketi ya ulinzi inayokata umeme chaji inapokwisha au joto linapozidi, na mara nyingi chaja inayofaa huiamsha. Chaja na kidhibiti viwe vinavyoruhusu mpangilio wa lithiamu.

Dukani na baada ya kifo

Mnunuzi aende dukani na mita yake. Betri mpya ya risasi inayosoma chini ya 12.4 imekaa rafuni muda mrefu bila kuchajiwa. Aangalie tarehe ya kutengenezwa na uzito pia: betri ya maji ya ampea-saa 100 kwa kawaida huwa kati ya kilo 25 na 30. Nyepesi mno ina risasi pungufu, hata kama karatasi iliyobandikwa inadai vingine. Adai risiti ya EFD yenye masharti ya dhamana, kwani bila risiti madai ya baadaye hayana mguu wa kusimamia.

Mwenye duka naye anapoteza fedha kimya kimya. Betri iliyojazwa asidi hupungukiwa chaji yenyewe kila mwezi, na zaidi penye joto. Shehena iliyoagizwa kusubiri fedha za msimu wa kahawa, ikikaa miezi sita bila chaja, ni mtaji unaooza rafuni na kesi za dhamana zinazosubiri kufunguliwa. Zilizotangulia kuingia zitangulie kutoka, na chaja ya dukani ifanye kazi yake kila mwezi. Duka linalopima betri za wateja kwa ada ndogo, na kusema ukweli pale betri inapokuwa bado nzima, litapoteza mauzo machache leo na kupata wateja wa kudumu.

Betri iliyokufa kweli bado ina thamani, kwa kuwa risasi huyeyushwa na kutumika tena. Iuzwe nzima, na asidi yake ikiwa ndani, kwa mkusanyaji mwenye kibali. Kuipasua uani ili kupata risasi, au kuimwaga asidi karibu na ziwa, ni hatari isiyolingana na fedha inayopatikana. Vumbi la risasi hudhuru ubongo wa watoto, na madhara hayo hayaponi.

Kwa wiki hii, ushauri kwa mwenye betri inayosuasua ni mmoja: asinunue nyingine kabla hajajua ya kwanza iliuawa na nini. Aichaji ijae, ailaze usiku mmoja, apime seli zote sita, awashe balbu, kisha apige hesabu ya paneli yake. Kama seli imekufa, ainunue mpya bila majuto. Kama ni njaa, kiu au waya mwembamba, sh. 300,000 za mfano wetu zibaki mfukoni, na sehemu yake ndogo inunue kilichokosekana.